Sifuri iliyopotea: tathmini ya DHIS2 kama mfumo wa taifa wa kufuatilia magonjwa ya kuambukiza

DHIS2 ni programu ya bure, ya chanzo huria, inayoratibiwa na kituo cha HISP (mpango wa mifumo ya taarifa za afya) cha Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, pale huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa na ubaguzi wa rangi zilipohitaji takwimu za pamoja. Toleo la pili, linalotumia kivinjari, lilianza kazi Kerala, India, mwaka 2006. Leo wizara nyingi za afya barani Afrika na Asia zinakusanyia takwimu zao humo. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kugundua mlipuko mapema na kumfuatilia kila mgonjwa anayeshukiwa mpaka maabara itoe jibu.

Tunaipendekeza, kwa sharti moja. Mipangilio yake ya mwanzo ina tabia za ripoti ya mwezi, na kipindupindu hakisubiri mwisho wa mwezi. Nchi ikiisimika na kuanza kuitumia jinsi ilivyokuja, itapata dashibodi nzuri kwa macho ambayo inatupa sifuri, inazihesabu ripoti zilizochelewa kuwa zimefika kwa wakati, na inaonyesha picha ya jana. Yote matatu yanarekebishwa bila kuandika mstari hata mmoja wa programu. Tatizo ni kwamba hayajitangazi, na mtu anaweza kukaa nayo miaka.

Ufuatiliaji una njia mbili. Ya kwanza ni ripoti ya wiki: kila kituo kinahesabu wagonjwa na vifo kwa kila ugonjwa ulio kwenye orodha, wiki ikifungwa Jumapili, ripoti ikitumwa Jumatatu. Ya pili ni taarifa ya papo hapo ya mgonjwa mmoja mmoja, kwa magonjwa ambayo kisa kimoja tu kinatosha kuwaamsha watu: kupooza kwa ghafla kwa mtoto (dalili inayoweza kuwa ya polio), homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, kipindupindu mahali ambapo hakikuwepo. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinaipa nchi saa 24 kuijulisha WHO, Shirika la Afya Duniani, baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa. Kipimo cha 7-1-7 kinabana zaidi: siku 7 kugundua, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kukabiliana. Mfumo wowote unaouzwa au kugawiwa kwa kazi hii upimwe kwa saa na siku hizo.

Tuanze na ripoti ya wiki, maana ndiko kwenye kosa baya kuliko yote. Kila kipengele cha takwimu katika DHIS2, mathalani "surua, wagonjwa chini ya miaka 5", kina kisanduku kidogo cha kuuliza kama thamani za sifuri zihifadhiwe. Kisanduku hicho mwanzoni hakina tiki. Mhudumu akiandika 0 kwenye fomu na kuituma, programu inaipokea kwa adabu kisha haiiweki kwenye hifadhidata. Kwa ripoti za kawaida hilo lina mantiki: kituo kidogo hujaza mamia ya nafasi, nyingi zikiwa sifuri, na kuzihifadhi zote kunaijaza seva bure. Kwa ufuatiliaji wa magonjwa, sifuri ni taarifa kamili. Inasema kwamba kuna mtu aliyefungua rejista, akapitisha kidole mstari kwa mstari, asione surua. Nafasi tupu haisemi lolote. Inaweza kuwa hakuna mgonjwa, au mhudumu yuko likizo, au rejista imelowa mvua.

Madhara yake hayaishii kwenye ripoti, yanafika hadi kwenye kizingiti cha tahadhari, yaani idadi ya wagonjwa ambayo ikivukwa kengele inalia. Chukua kituo ambacho katika wiki 8 kilipata wagonjwa hawa: 0, 0, 0, 4, 0, 0, 2, 0. Sifuri zikiwa zimehifadhiwa, wastani ni 0.75, na ukiongeza mara mbili ya mchepuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) unapata kizingiti cha takriban 3.5. Wiki inayofuata wakija wagonjwa 4, kengele inalia. Sasa ondoa sifuri. Programu inabaki na namba mbili tu, 4 na 2. Wastani unakuwa 3, kizingiti kinapanda hadi 5, na wagonjwa wale wale 4 wanapita kimya. Hakuna aliyekosea kujaza na hakuna aliyechelewa kutuma. Kisanduku kimoja tu hakikutiwa tiki. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, pitia vipengele vyote vya fomu ya wiki, kimoja kimoja, na kutia tiki kisanduku chake. Ukigundua umechelewa, jua kwamba sifuri za nyuma hazitarudi zenyewe. Ama ziingizwe upya kutoka fomu za karatasi, au hesabu ya vizingiti ianzie tarehe ya marekebisho.

Jirani wa kisanduku hicho ni kitufe cha kukamilisha, ambacho mhudumu hubonyeza akimaliza fomu. DHIS2 haihesabu ukamilifu wa ripoti kwa kuangalia kama namba zimejazwa. Inahesabu mibonyezo ya kitufe hicho. Mhudumu aliyejaza kila kitu akasahau kubonyeza anaonekana hajaripoti. Aliyefungua fomu tupu akabonyeza anaonekana kinara. Ukiona wilaya yenye ukamilifu wa asilimia 100 huku jedwali lake la magonjwa likiwa na mashimo, umeshapata jibu. Dawa ipo ndani ya programu: vifanye vipengele vya magonjwa makuu kuwa vya lazima, kisha washa sharti la kuzuia kukamilisha mpaka vya lazima vyote vijazwe. Kwa kuwa sifuri sasa zinahifadhiwa, mhudumu atalazimika kuiandika, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kuhusu kufika kwa wakati, kila fomu ina idadi ya siku ambazo ripoti inaruhusiwa kuchelewa baada ya kipindi kuisha na bado ihesabiwe kuwa imewahi. Idadi ya mwanzo ni 15. Kwa ripoti ya mwezi inakubalika. Kwa ripoti ya wiki, maana yake ni kwamba taarifa ya wiki ya 10 ikifika wakati wiki ya 12 imeshafungwa, bado inapewa alama ya kijani. Weka 1 au 2, kulingana na mwongozo wa nchi. Asilimia zitaporomoka siku hiyo hiyo na wakubwa watauliza kulikoni, kwa hiyo waelezwe mapema kwamba utendaji haujashuka, ni rula iliyonyooshwa.

Jambo moja la kalenda, kwa haraka. Wiki ya kawaida ya DHIS2 inaanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye tarehe 4 Januari. Kuna aina nyingine za wiki zinazoanza siku tofauti, na mwongozo wa taifa ndio uamue. Usichanganye aina mbili katika mfumo mmoja, maana grafu zake hazitalingana kamwe. Kumbuka pia miaka yenye wiki 53, kama 2020 na 2026: wiki hiyo ya mwisho haina mwenzake mwaka uliotangulia.

Kwenye vizingiti ndipo DHIS2 inapotuvutia kwelikweli. Ina chombo cha vitabiri kinachochukua wiki zilizopita, kikakokotoa wastani, mchepuko au asilimia ya 75 (namba ambayo robo tatu ya wiki haziivuki), kisha kikaandika jibu kama kizingiti cha wiki inayokuja. Unakiambia kitazame miaka 5 ya nyuma, na kwa kila mwaka kichukue wiki 2 kabla na wiki 2 baada ya wiki husika, ili msimu uzingatiwe. Kwa malaria au kuhara damu hii ni kazi safi. Pana mitego miwili. Kwanza, mwaka wa mlipuko ukibaki ndani ya hesabu unakipandisha kizingiti na kuuficha mlipuko unaofuata. Kuna kanuni ya kuruka vipindi visivyo vya kawaida. Itumieni, na muandike kwa nini kila kipindi kimerukwa. Pili, angalia kitabiri kinachukua takwimu za ngazi ipi. Kikipangwa kusoma ngazi ya wilaya peke yake, wakati namba zote zimeingizwa kwenye vituo vilivyo chini yake, kitarudi mikono mitupu bila kulalamika.

Magonjwa mengine hayataki takwimu za nyuma. Homa ya uti wa mgongo katika ukanda wake wa Afrika ina vizingiti vyake: kwa eneo lenye watu 30,000 hadi 100,000, wagonjwa 3 kwa kila watu 100,000 kwa wiki ni tahadhari, na 10 ni mlipuko. Hapo kitabiri hakihitajiki. Inatosha kanuni ya uhakiki inayolinganisha namba ya wiki na namba iliyowekwa, ikiwa na orodha ya watu wa kutumiwa ujumbe. Ila kizingiti cha kwa kila watu 100,000 kinategemea idadi ya watu wa eneo. Wilaya ikigawanywa kuwa wilaya mbili bila idadi ya watu kugawanywa ndani ya mfumo, tahadhari itakosewa kwa miaka.

Njia ya pili, ya mgonjwa mmoja mmoja, inapita kwenye sehemu inayoitwa Tracker. Muundo wake unafanana na faili la mgonjwa: usajili, taarifa ya kliniki, sampuli, majibu ya maabara, uainishaji wa mwisho, na watu waliokutana na mgonjwa wakiunganishwa naye. Kwa kupooza kwa ghafla inafanya kazi vizuri mno. Sheria ya kazi hiyo ni sampuli 2 za kinyesi, zilizopishana angalau saa 24, zilizochukuliwa ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze, zikasafirishwa kwenye baridi hadi maabara iliyoidhinishwa. Kanuni za programu zinaweza kuhesabu siku hizo zenyewe, zikazuia tarehe ya sampuli kutangulia tarehe ya kupooza, zikaonya kwamba siku ya 12 imefika na sampuli ya pili haijaandikwa, na zikapanga ziara ya siku ya 60 kwa anayestahili kuangaliwa tena. Karatasi haiwezi kukukumbusha siku ya 12. Kwa hilo peke yake Tracker inastahili pongezi zetu.

Inapoharibika ni pale wabunifu wanaposhindwa kujizuia. Kila mpango wa kudhibiti ugonjwa unataka swali lake, kila mfadhili lake, na fomu inafika vipengele 90. Mhudumu aliye peke yake zamu ya usiku, mgonjwa anatapika, hatajaza 90. Ataandika kwenye daftari na kuahidi kuingiza baadaye. Fomu ya taarifa ya kwanza iwe fupi kiasi cha kumalizika kwa dakika 5: nani, umri, jinsia, anaishi wapi, dalili zilianza lini, ugonjwa unaoshukiwa, sampuli imechukuliwa au la, namba ya simu. Mengine yaingie hatua ya uchunguzi, yajazwe na timu ya wilaya.

Mgonjwa kuandikwa mara mbili ni ugonjwa sugu wa Tracker. Anaanza zahanati, anapewa rufaa, hospitali inamsajili upya kwa tahajia nyingine ya jina. Programu ina nafasi ya kuweka alama kwamba rekodi mbili zinafanana na njia ya kuziunganisha, ila kazi ya kuzitafuta haifanyi yenyewe. Lazima awepo mtu, kila siku wakati wa mlipuko, anayepanga orodha kwa umri, kijiji na tarehe ya dalili, akizisaka pacha. Namba ya kisa inayotungwa kwa kufuata nchi, mkoa, wilaya, mwaka na namba ya mfululizo husaidia, mradi itolewe sehemu moja tu na iandikwe ile ile kwenye kichupa cha sampuli. Namba ya kichupa na ya mfumo zikitofautiana kwa tarakimu moja, jibu la maabara linabaki yatima, na mgonjwa anahesabiwa "bado anashukiwa" mpaka mwaka unaisha. Na tuseme wazi: DHIS2 si mfumo wa maabara. Haifuatilii vitendanishi, mashine wala foleni ya vipimo. Maabara iwe na mfumo wake, na majibu yaletwe kwa kuunganisha mifumo miwili kupitia namba hiyo ya kisa.

Programu ya simu, Capture ya Android, inafanya kazi bila mtandao na kutuma pale mawimbi yanapopatikana. Ni faida kubwa kwa vituo vya pembezoni. Lakini taarifa iliyomo kwenye simu haijafika popote. Ujumbe wa tahadhari unatumwa na seva, siyo simu. Kisa cha homa ya kutokwa damu kikiandikwa saa 3 asubuhi na simu ikapata mtandao saa 2 usiku, wilaya inajua saa 2 usiku. Kwa magonjwa ya papo hapo, kupiga simu kwa mdomo kubaki hatua ya kwanza na Capture iwe ya pili. Nchi inayofuta utaratibu wa kupiga simu kwa sababu sasa tuna programu inajidhuru.

Mengine ya Capture ni ya kuangalia wakati wa mafunzo. Kufuta data za ndani ya simu, au kuiondoa programu, kunafuta pia rekodi ambazo hazijatumwa, na hazirudi. Wafundishwe kuangalia alama ya kutuma kabla ya kurudisha kishikwambi. Namba za kipekee za wagonjwa zinahifadhiwa kwenye simu kwa akiba, ili ziweze kutolewa bila mtandao. Kituo kinachopokea wagonjwa wengi wa kipindupindu kwa siku kadhaa bila mawimbi kitamaliza akiba hiyo, kwa hiyo iongezwe kabla ya msimu. Na simu iwe na neno la siri, maana ndani yake mna majina ya watu na magonjwa yao.

Turudi kwenye picha ya jana. Grafu na majedwali ya DHIS2 hayasomi taarifa ghafi moja kwa moja, yanasoma majedwali ya uchambuzi yanayotengenezwa kwa ratiba. Ikiwa kazi hiyo inafanyika usiku mmoja kwa siku, kisa kilichoingia saa 4 asubuhi hakitaonekana kwenye dashibodi mpaka kesho, hata kama rekodi yenyewe ipo. Wakati wa mlipuko hilo linawachanganya watu: mmoja ana orodha ya wagonjwa 31, mwingine ana grafu ya 24, mkutano unakwisha kwa kubishana. Ipo ratiba ya uchambuzi wa mfululizo inayoingiza mabadiliko mara kwa mara mchana na kujenga upya kila kitu usiku, iwashwe. Vitabiri viendeshwe kwanza, uchambuzi ufuate, vinginevyo kizingiti kipya hakitaonekana kwenye grafu. Na kila dashibodi iwe na saa ya mwisho kusasishwa mahali inapoonekana.

Programu ni bure, uendeshaji siyo. Inahitaji seva yenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata) iliyosimamiwa vizuri na angalau watu wawili wanaoijua, ili mmoja akiugua mfumo usiugue naye. Nakala rudufu zichukuliwe kila siku na kupelekwa mahali pengine. Majedwali ya uchambuzi yanaweza kuachwa nje, kwa kuwa yanajengwa upya, na nakala inakuwa ndogo sana. Kila baada ya muda irejesheni nakala kwenye seva ya pili muone kama inafunguka. Kupanda toleo jipya kunabadilisha muundo wa hifadhidata, na kurudi nyuma bila nakala hakuwezekani. Usipandishe toleo katikati ya mlipuko.

Faragha inashughulikiwa vizuri kuliko tulivyotarajia. Tracker ina kiwango cha ulinzi ambapo mtumiaji wa kituo kingine akitaka kufungua faili la mgonjwa lazima aandike sababu, na sababu hiyo inabaki kwenye kumbukumbu. Kiwango hicho kichaguliwe tangu siku ya kwanza.

Ukilinganisha, SORMAS, iliyozaliwa kutokana na Ebola ya 2014 nchini Nigeria kwa ushirikiano na taasisi za Ujerumani, inaelewa kazi za timu ya mlipuko kuliko DHIS2: nani amtembelee nani leo, mnyororo wa maambukizi unaelekea wapi. Go.Data ya WHO ni nyepesi kwa kufuatilia waliokutana na wagonjwa katika mlipuko mmoja. Zote mbili zinaongeza mfumo mwingine wa kutunza. Nchi ambayo tayari ina DHIS2 kwa ripoti za kawaida itapata faida kubwa zaidi kwa kuinyoosha hiyo hiyo, kwani vituo na ngazi za utawala vimeshaingizwa na watumiaji wameshazoea. Sri Lanka ilithibitisha hilo mwanzoni mwa 2020, ilipojenga ndani ya DHIS2, kwa muda mfupi mno, mfumo wa kufuatilia wasafiri walioingia wakati UVIKO-19 ikibisha hodi, na nchi nyingine zikauchukua na kuurekebisha.

Kabla ya kusaini kwamba mfumo uko tayari, fanya jaribio hili. Unda kituo cha majaribio ambacho hakiingii kwenye jumla ya taifa. Ijumaa saa 11 jioni, bila kumwambia yeyote isipokuwa mkuu wa kitengo, ingiza kwa simu isiyo na mtandao mgonjwa wa kubuni wa homa ya virusi inayosababisha kutokwa damu, jina likianza na neno JARIBIO. Washa mtandao. Andika saa ambayo rekodi imefika kwenye seva, saa ambayo ujumbe mfupi umeingia kwa afisa wa zamu wa wilaya, saa ambayo amepiga simu kuuliza, na saa ambayo kisa kimeonekana kwenye dashibodi ya taifa. Namba nne. Ujumbe usipofika ndani ya dakika 15, anza kuangalia lango la ujumbe mfupi na salio lake. Ukifika na asipige mtu simu mpaka Jumatatu, kasoro haiko kwenye programu. Pangeni upya zamu za mwisho wa wiki, kisha rudieni jaribio Ijumaa inayofuata.